Nimekubaliwa Kusoma Hisabati Uingereza

Jumatano, 10 Januari 2018. Bellevue. Mvua ya mawe imepiga saa kumi jioni, sasa jua limerudi kana kwamba halikuondoka.

Nimekubaliwa.

Naandika tena ili nilione neno lenyewe: nimekubaliwa kusoma hisabati, Uingereza, kwenye chuo ambacho sikuthubutu hata kukitaja mbele ya wenzangu darasani.

Acha niungame. Barua yangu ya kwanza ya maombi ilikuwa ushuhuda wa kanisani. Nilianza kwa kumshukuru Mungu, nikasimulia tulivyotoka Bukavu kuja kuishi huku kusini, nikamalizia na Mama anavyosuka watu nywele ili mimi nisome. Kwetu ndivyo mtu anavyojieleza. Bi. Thandi, mwalimu wangu wa hisabati, aliisoma akiwa amesimama.

"Umeniliza, msichana wangu. Sasa hisabati iko wapi? Wamarekani wangeipenda hii. Waingereza wanataka kujua unavyowaza."

Nikafuta yote. Nikaandika kuhusu namba tasa, na swali moja lililonitesa wiki tatu. Iliniuma kumtoa Mama kwenye barua. Sikumwambia.

Desemba yakaja mahojiano ya video. Maelekezo yalisema: fikiri kwa sauti. Mimi! Mimi ninayeelekeza kidole kwenye mkate pale spaza, kiduka cha mtaani, ili nisiseme. Mama alimtoa mteja wake chumbani, kichwa kimesukwa nusu, wakasubiri barazani.

Profesa aliniomba nichore grafu. Nikachora. Nikaona nimekosea.

Nikaikata kwa mstari mmoja. Halafu nikasikia sauti yangu: "Samahani, hapa nimekosea. Naanza upya, na nitakueleza kwa nini." Nikaongea, nikaongea. Tulipomaliza nikagundua nimesimama.

Leo nimemsomea Mama barua pepe. Kitana kikabaki kichwani mwa mteja.

"Weye? Weye mwenye hausalimiake hata majirani?"

"Mimi, Mama."

Akapiga vigelegele mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Eish, mama, na nywele zangu?" mteja akalalamika, huku naye anacheka.

Najua, viza bado, na ufadhili sijaupata. Lakini nafasi ni yangu, niliipata kwa kuongea, na nimeshabonyeza kitufe cha kukubali.

Kesho nitaamka bado nina haya. Basi, nazo zipande ndege pamoja nami.