Jua Nililoliweka Ziwani

Mwanza. Ijumaa, Julai 1998.

Jua kali tangu asubuhi, upepo wa kiangazi unasomba vumbi. Mchana sijala.

Nimeharibu. Tena nimeharibu kwa kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote.

Nianze mwanzo, maana kichwa kinazunguka. Injinia Mabula, bosi wangu, alipata kazi ya kuchora hoteli ya ghorofa nne ya mwekezaji mmoja, huku Ilemela, kwenye mawe yaliyo juu kidogo ya ufuko ambako akina mama wanaanika dagaa. Siku hizi za soko huria kila jiwe linaloona ziwa lina mwekezaji wake. Ofisi ya kata ikasema majirani wakubali kwanza, kwa maandishi. Injinia akaniambia nitengeneze picha kwenye kompyuta, hoteli ionekane kama imeshajengwa, ili watu wajionee kwa macho.

Wiki tatu nilihangaika na mwanga. Picha za kwanza zilikuwa za aibu: penye jua peupe kama chokaa, penye kivuli peusi kama masizi ya chungu. Nilikuwa nimeweka taa moja tu, jua. Siku moja nikaenda ufukweni, nikakaa kwenye kivuli cha jiwe na gazeti langu, nikashangaa kwamba nasoma mpaka herufi ndogo. Kumbe kivulini kuna mwanga! Unashuka kutoka angani, una ubuluu kidogo. Mwingine unaruka kutoka mchangani, una wekundu wa udongo. Nikarudi mbio nikaongeza taa ya pili, hafifu, ya buluu, ikitoka pande zote za anga, na ya tatu, hafifu zaidi, kutoka chini. Kompyuta ikapiga hesabu zake kutwa nzima. Jioni hoteli ikasimama juu ya mawe utadhani imepigwa na kamera. Niliruka kwa furaha peke yangu ofisini.

Jumatano tukaipeleka ufukweni. Akina mama wakaizunguka, wakasifia madirisha, wakasifia maua. Bibi Nyanzala, mkubwa wao, hakusifia kitu. Aliuliza tu, "Hapa ni saa ngapi, na hicho kivuli kitalala wapi?"

Nikajibu bila kufikiri. "Ni saa mbili asubuhi, bibi. Kivuli kinalala nyuma, upande wa barabarani. Dagaa hawaguswi."

Injinia akaongeza kwamba kompyuta haidanganyi. Wakaweka dole gumba kwenye karatasi za kukubali, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja.

Leo asubuhi nimerudi pale kwa majivuno tu, kulinganisha picha yangu na mawe yenyewe. Nikasimama mchangani nimelielekea ziwa, picha mkononi, najisifu moyoni. Bibi Nyanzala alikuwa ameinama mbele yangu, anatandaza dagaa. Akaniambia kwa upole, bila hata kuinua kichwa, "Sogea kidogo, mwanangu, unanifunikia dagaa."

Nikatazama chini. Kivuli changu kilikuwa kirefu, kimelala mbele yangu, kichwa chake kinakaribia maji.

Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Upande wa barabarani.

Mimi ni mtoto wa Bukoba. Kwetu jua linatoka ziwani. Nimekua nikiliona likipanda majini wakati mama anafagia uwanja. Hapa Mwanza linazama humo, na miaka miwili sasa naliona likizama kila jioni ninapoanua nguo. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta na kutaka asubuhi, mkono ulilisukuma jua moja kwa moja mpaka juu ya ziwa. Mazoea yana taabu. Kompyuta haikunikatalia, kwani yenyewe haijui Bukoba wala Mwanza.

Na wale akina mama je, mbona hawakuona? Picha inaitazama hoteli kutoka majini, jua lenyewe halionekani, ni ukuta tu wa upande wa ziwa unaong'aa, ambao asubuhi ungepaswa kuwa kivulini. Nadhani Bibi Nyanzala aliushangaa ule ukuta, halafu akajishuku yeye badala ya kunishuku mimi.

Hilo ndilo linanitafuna. Ningeiacha na vile vivuli vya masizi wangeicheka, wangeuliza mengi. Waliamini kwa sababu ya ile taa yangu ya buluu.

Nimelirudisha jua mahali pake na kuiacha kompyuta ipige hesabu upya. Alasiri picha ikatoka. Kivuli cha hoteli kinafunika mchanga wote wa kuanikia, kinaingia mpaka majini, na kwa hesabu yangu hakitaondoka kabla ya saa nne. Dagaa wabichi wakikosa jua la asubuhi wananuka, wanaishia kuwa chakula cha kuku.

Nikamwonyesha Injinia. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Jumatatu karatasi zinakwenda kata. Hiyo ifute."

Si mtu mbaya. Ndiye aliyenikalisha mbele ya kompyuta wakati wenzangu walisema msichana ataiharibu. Ndiyo maana inaniuma hivi. Nikienda kwa akina mama namsaliti yeye, na kazi nitaisikia kwenye bomba. Nisipokwenda, kila nitakapokula dagaa nitajua.

Na niseme ukweli wote, maana hapa hakuna anayesoma: naogopa pia kuchekwa. Mtaalamu wa mwanga asiyejua jua linatokea wapi!

Picha sijaifuta. Nimeichapa kwa rangi, iko kwenye bahasha, na bahasha iko kwenye mkoba. Nimefungua mkoba mara tatu kuhakikisha, kana kwamba inaweza kutoroka. Sasa niko kibarazani, jua linazama ziwani kama linavyozama siku zote, nami nalitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa ufukweni. Maneno ya kuanzia sina, nitaanza na shikamoo. Kisha nitamwomba Bibi Nyanzala ageuke, atazame mawe ambako hoteli itasimama, na jua liko wapi.

Mimi nitakaa pembeni, nisimfunikie dagaa.