Ubavu wa Baba

Marachi, Butula,
Busia.
17 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Levis,

Hujambo huko Doha? Joto halijakumaliza? Na ule mgongo uliokusumbua Pasaka umepoa? Sisi tu wazima, ila watoto wana mafua ya mvua hii. Mahindi yamefika kiunoni.

Sasa nikuambie: Baba ana siri.

Unajua tangu tumzike Mama mwaka juzi hajawahi kuchemsha hata chai. Baba huyo huyo amenunua oveni! Nilipomuuliza ni ya nini, alisema ni ya kupasha mkate. Mkate gani unahitaji jiko la ukubwa wa kabati?

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwake Malaba, nikamsikia nyuma ya nyumba akiongea na simu: "Huo ubavu wangu usipatie mtu. Jumamosi nakuja kuchukua mwenyewe." Unakumbuka Baba alikuwa akimwita nani "ubavu wangu", kanisani na mbele ya wageni. Mama peke yake.

Basi Jumamosi nikafika bila kubisha hodi, na viazi vitamu vya kisingizio. Nilipitia bafuni kwanza, nikahesabu miswaki. Ulikuwa mmoja.

Jikoni nikamkuta Baba amejifunga leso ya Mama, mbele yake mbavu za nguruwe. Kumbe nyama kweli! Niliona aibu. Alibandua ile ngozi nyembamba ya nyuma, akazipaka sukari nguru, tangawizi na pilipili, akazifunika kwa foili na kuziingiza kwenye oveni, moto mdogo, masaa matatu.

Lakini huo ufundi kautoa wapi? Nikamuuliza. "Nimeona kwa YouTube," akasema. Kwa kabambe ile yake, simu ya vitufe isiyo na intaneti?

Masaa matatu yalipoisha hakugusa oveni. Alikuwa anatazama mlango. Akaingia Ajiko, yule mjane anayeuza nyama ya nguruwe upande wa Uganda, amebeba bakuli la sosi. Alifunua foili, akabonyeza nyama kati ya mifupa. "Bado, mzee. Rudisha." Na Baba akarudisha! Mama alimwambia miaka thelathini avue viatu mlangoni, alisikia?

Nilimchunguza mwanamke huyo nikitafuta kosa. Mwishowe alizipaka sosi, akaongeza moto, zikang'aa. Wakati wa kula hakukalia kiti cha Mama. Alivuta stuli bila kuambiwa. Hata hilo lilinikasirisha. Ninaogopa, Levis. Ninaogopa tutamzoea.

Nilipoondoka Baba alinisindikiza hadi barabarani. "Nerima, umeonaje huo ubavu?" akaniuliza, macho pembeni. Sikujua anauliza upi. Nikamjibu kwamba chumvi imezidi kidogo. Akanisimamishia pikipiki.

Ukija likizo Agosti atakuuliza na wewe. Anza kufikiria utamjibu nini.

Shangazi Truphena anakusalimu sana, pia shemeji yako Okwara, na mpwa wako Sharlyne anauliza kama uliona barua yake. Mungu akulinde kazini, akurudishe nyumbani ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
Dada yako Nerima

N.B. Chumvi haikuwa imezidi. Nilikula sahani mbili.