Nyota Uliyomtumia Mama

Masama, Jumapili

Anaeli,

Boksi lako limefika. Sisi hatujambo, kama kweli unauliza. Ng'ombe amezaa dume, na kahawa ya kule bondeni imeshikwa na ugonjwa.

Mama alilifungua mwenyewe, mimi nikamsomea maelezo yako: kwamba hiyo ni nyota kubwa kuliko jua, na kwamba umeunganisha picha za darubini hadi zikawa umbo la kushikika, mashine ikalitoa kwa plastiki. Akalipapasa taratibu, akacheka.

"Hapa imevimba, hapa imepasuka. Haya ndiyo mawingu iliyoyatema?"

"Ndiyo, Mama," nikamjibu, huku nikikuchukia.

Umeijua hadi sura ya nyota ambayo hakuna mtu atakayeifikia, lakini hujui kwamba mama yako haoni tangu Pasaka. Nilipokupigia ulisema uko kikaoni, nawe hukupiga tena.

Akaniambia, "Mwandikie kwamba ni nzuri sana. Ya macho usimwambie, asije akaacha kazi yake akakimbilia huku."

Nimekuambia. Sasa tuone kama utaiacha.

Bado ni dada yako,
Ndeshi