Simu Isiyokaa na Chaji

Mama mdogo, shikamoo.

Viatu vimenitia malengelenge, lakini natembea. Barua hii nampa mpagazi anayeshuka mlima.

Kabla ya kuanza kupanda, dukani wenzangu wa safari walichagua simu zinazokaa na chaji siku tatu. Mimi niliomba inayoisha upesi. Muuzaji akacheka: “Dada, hiyo watu wananirudishia.” Nikaichukua.

Mama amesahau kwamba Baba alifariki. Ananipigia kutwa kuuliza Baba amefika wapi, na kila nikimwambia ukweli analia kama ndiyo kwanza anasikia. Nilichoka, Mama mdogo. Uso sina pa kuuweka.

Sasa atakupigia wewe. Usimwambie amekufa. Mwambie yuko na mimi, tunatembea, na simu yetu imeisha chaji.

Mwanao,
kitindamimba