Wimbo wa Tisa, Bila Umeme

Dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, na kabla ya salamu pokea heshima inayokustahili. Natumai barua hii itakukuta umeketi, goti lako limepoa, na kwamba sasa unaondoka kwenye cherehani kabla macho hayajakuwasha, kama ulivyoniahidi. Nauliza hali ya shemeji na kifua chake, na hali ya binti yako katika kazi yake mpya ya maabara. Mimi ni mzima wa mwili. Habari ya nafsi nimeitengea nafasi yake mbele, nami nakuomba usiruke kurasa kuitafuta, kwa kuwa haitaeleweka bila yaliyoitangulia.

Uliponipigia simu mwezi uliopita uliniuliza neno akustika lina maana gani, nami nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa mlangoni naelekea kazini. Naomba nijibu upya. Kwa maana yake sahihi, akustika ni elimu ya sauti: namna inavyozaliwa, inavyosafiri na inavyofia ukutani. Kwa maana ya wauzaji wa muziki, ni wimbo unaopigwa kwa ala zisizohitaji umeme ili zilie. Ipo maana nyingine ambayo haimo katika kamusi yoyote, nayo ndiyo inayotumika katika chumba ninachofanyia kazi: ni muziki uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa ili msikilizaji aamini kwamba haukutengenezwa.

Kundi letu, kama ujuavyo, lina watu wawili tu. Yupo mwimbaji, yule uliyembandika jina la Chiriku siku ya kwanza alipokuja nyumbani akazungumza tangu anaketi mezani mpaka vyombo vimeoshwa. Nipo mimi, na vinanda vyangu vya umeme na mashine za ngoma, ambavyo kwa sababu yavyo yeye huniita Bwana Waya hata mbele ya wageni. Kwa miaka kumi na tisa tumepiga muziki usio na kamba wala ngozi ndani yake. Nyimbo zetu tatu zilipendwa hadi zikachukiza; siku hizi zinapigwa kwenye lifti, na kwenye simu ya benki unapoambiwa usubiri. Zilizobaki, zipatazo hamsini, hazijulikani ila na sisi na wasikilizaji wachache wakaidi. Mwaka huu kampuni inayotoa albamu zetu ilishauri tuchague kumi na moja kati ya hizo zisizojulikana, tuzipige upya kwa gitaa, piano na fidla, mashine zangu zikiwa zimezimwa. Nilikubali. Wazo lilinivutia kama jaribio linavyomvutia mtu wa maabara: wimbo ukivuliwa kila kitu, kinabaki nini? Swali si baya. Kilichonitia kichefuchefu ni namna lilivyojibiwa.

Studio tuliyopewa ilikuwa bohari la mazulia, na harufu ya sufu iliyolowa ikakauka, kisha ikalowa tena, haijaondoka. Kuta zimebandikwa sponji ambazo zamani zilikuwa nyeupe. Mtayarishaji wa albamu ni mwanamume mchangamfu anayetafuna chingamu mchana kutwa. Akiwa na jambo zito la kusema huitoa mdomoni na kuibandika kwenye mfuniko wa piano. Siku ya nne nilihesabu saba. Mpiga gitaa hulamba ncha za vidole kabla ya kila wimbo, kisha huzipangusa kwenye suruali, mahali palepale, palipokwisha kung'aa. Kipaza sauti cha Chiriku kimesogezwa karibu na mdomo wake kiasi kwamba kwenye hedifoni nasikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa na mate yakikatika kama uzi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kuyafuta mambo hayo. Sasa niliagizwa kuyaongezea sauti. Mtayarishaji alisema watu wamechoshwa na ukamilifu, siku hizi wanataka pumzi. Alilirudia neno hilo huku akipapasa hewa mbele yake kana kwamba pumzi ni kitambaa anachotaka kukinunua. Pumzi, Bwana Waya, tupe pumzi. Nikamwambia kwamba pumzi ni unyevu na uchafu wa mapafu, wala si fadhila. Chiriku akacheka, akasema kumbe ndiyo maana nikimwitikia huwa naimba kama friji.

Kisha likaja suala la kiti. Katika wimbo wa pili mtayarishaji aliona pamekuwa pasafi mno, akataka pasikike kiti kikilia, ili msikilizaji ajue kwamba mtu wa kweli ameketi juu yake. Tulijaribu viti vinne. Vitatu vilikataa kulia; cha nne, kilicholetwa kutoka jikoni, kililia vizuri lakini kila mara kwa sauti tofauti. Tukakirekodi mara ishirini na sita, mchana mzima, watu wanne wenye akili timamu tumenyamaza huku mpiga gitaa akiinua na kushusha makalio kwa ishara. Fundi mitambo, mzee mkimya ambaye huongea kama mtu anayelipia maneno, alisema kiti hicho kinastahili kuwemo katika picha ya jalada, maana wiki hii kimefanya kazi kuliko Bwana Waya. Chiriku akaongeza kwamba, zaidi ya hayo, kiti hakinuni. Walivunjika mbavu wote. Mimi nilitoka nje nikaosha mikono, ingawa sikuwa nimeshika kitu.

Nakueleza haya kwa kirefu, Dada, ili uone kwamba nilikuwa na sababu za kutosha za kukirihika, na kwamba sababu hizo zote zilikuwa za kweli. Nilizikusanya kwa bidii. Sasa najua bidii ile ilikuwa ya mtu anayewanusa wenzake ili asijinuse mwenyewe.

Tulipofika katika wimbo wa tisa wa orodha yetu, kazi ilikwama. Ni ule wimbo wa polepole wa albamu ya tatu, usio na ngoma, ambao mapigo yake yanatokana na mvumo mmoja unaopanda, unaoshuka, na kunyamaza kidogo kabla ya kupanda tena. Ulipousikia mara ya kwanza uliniambia unakutia baridi mgongoni, ukaniuliza ni ala gani ile. Nikakujibu kwamba ni kinanda. Waandishi wa magazeti walidhani ni mzunguko wa feni, mmoja akasema ni mvukuto wa mhunzi, na sikuwahi kumsahihisha yeyote. Mtayarishaji alitaka mvumo huo upatikane bila umeme. Mpiga gitaa akasugua nyuzi kwa kiganja, haikufaa. Mpiga fidla akavuta upinde juu ya kamba bila kuikandamiza. Ikakaribia, lakini haikuwa yenyewe. Nikasema wimbo huo uachwe, tunazo nyingine. Nikasema hivyo mara mbili, na nadhani ile ya pili ndiyo iliyowatia shaka.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kwa robo saa. Nilipofungua mlango niliwakuta wote wamesimama nyuma ya fundi mitambo. Alikuwa amefungua rekodi za awali za wimbo ule, zile nilizowakabidhi mwenyewe pamoja na nyingine bila kuzipekua, na alikuwa anaondoa nilichokipaka kimoja baada ya kingine: mwangwi kwanza, kisha kichujio, kisha akairudishia sauti kasi yake ya asili. Kwenye spika akabaki mwanamume mmoja anayepumua.

Mtayarishaji alitoa chingamu yake. Alisema hajawahi kusikia kitu cha namna hiyo, kwamba kumbe katika kazi zetu zote za waya hiki ndicho kitu pekee kisicho na umeme ndani yake, na kwamba albamu itaanza nacho, kikiwa uchi hivyohivyo, dakika nzima, kabla gitaa halijaingia. Mpiga gitaa alisema nywele zimemsimama. Nikamwambia fundi mitambo azime. Hakunisikia, au alijitia hakunisikia, na rekodi ikaendelea kupita kile kipande kidogo nilichokitumia, hadi mahali ambapo mimi peke yangu nilipajua. Pale sauti ya mzee ilisema maneno machache. Fundi mitambo ndiye aliyeuliza, kwa upole, huyo Hodari anayeitwa ni nani.

Dada, hujaitwa Hodari na mtu mwingine yeyote tangu Baba afe.

Naandika sasa kile ambacho nimekificha kwa miaka kumi na minne, nami nakiandika kwa mpangilio ili nisipate pa kujikunja. Ilikuwa siku yake ya mwisho, mchana, jua bado lipo juu. Wewe ulikuwa umemuuguza majuma kumi na moja, nami nilikuwa nimekuja tangu jana yake. Ulitoka kwenda uani kuanika mashuka, ukaniachia kiti chako. Pumzi zake zilikuwa zimeingia katika utaratibu ambao sijapata kuusikia kwa mwanadamu: kuvuta kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa tano, kisha kimya cha mbili, bila kukosea. Nilikuwa na kinasa sauti kidogo mfukoni, kama kawaida yangu siku zile. Nikakiweka juu ya mto, kando ya shavu lake.

Katika dakika ya tatu alifumbua macho. Alisema: Hodari yuko wapi? Niitie Hodari, nina neno naye. Dirisha lilikuwa wazi, nami nilikuwa nasikia vibanio vyako vya nguo vikigonga kwenye beseni. Kukuita kulihitaji kuinua sauti mara moja tu. Nilimjibu kwa sauti ya chini, na imo ndani ya rekodi, kwamba anakuja, Baba, wewe pumzika. Sikuinuka wala sikuita, kwa sababu kelele yoyote ingeiharibu rekodi, na pumzi zile nilikuwa nazihitaji. Alisubiri. Akauliza tena, safari hii jina tu. Kisha akafumba macho na zile hesabu zikarejea, tatu, tano na mbili, nami nikafurahi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo sahihi. Uliporudi na beseni tupu hakuweza tena kusema, na jua lilipotua alikuwa amekwisha kufa. Ukaniuliza kama alisema chochote. Nikakuambia alilala muda wote.

Ninajua ulichokibeba tangu siku ile, kwa sababu uliniambia mwenyewe jioni ya mazishi, na tena miaka mitatu baadaye: kwamba ulimkaripia kwa kutema dawa, kwamba siku tisa hakukusemesha, na kwamba aliondoka akiwa bado amekununia. Mara zote mbili nilikushika mkono. Mara zote mbili nilikuwa na jibu, nikakupa mkono badala yake. Lile jibu nilikuwa nimekwisha kulipunguza kasi, kulipaka mwangwi na kulipeleka sokoni.

Chiriku alinifuata kwenye sinki. Aliniuliza kama ni Baba, nikasema ndiye. Akaniuliza Hodari ni nani, nikamweleza. Kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na minne ameimba juu ya pumzi za mzee wa watu anayekata roho, akatabasamu majukwaani na kupiga makofi, na kwamba nimemchafua bila kumwomba ruhusa. Alitema mate ndani ya sinki, karibu na mikono yangu, akafungulia maji. Alisema wimbo huo hatauimba tena mpaka wewe uamue, na kwamba nisipokuandikia kabla ya Ijumaa atakuja kwako mwenyewe, na nimjuavyo hataacha neno. Mtayarishaji amelalamika kuhusu ratiba. Fundi mitambo ameifuta rekodi kwenye mashine ya studio mbele yangu, baada ya kunitolea nakala moja tu kwenye diski.

Hiyo moja imo ndani ya bahasha hii, katika kifuko chake. Haina mwangwi wala kichujio. Naomba uelewe kikomo cha ninachokuletea. Nimeyasikiliza maneno yale kwa spika bora na kwa utulivu wote niliojaliwa, nikapima kupanda na kushuka kwa sauti yake, na siwezi kukuambia kama ni sauti ya mtu aliyetaka kupatana nawe au ya mtu aliyebakisha karipio la mwisho. Vyote viwili vinawezekana. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alikuita, kwa lile jina, mara mbili. Kuisikiliza, kuichoma, au kunirudishia usoni ni hiari yako, na wimbo wa tisa hautatoka isipokuwa kwa neno lako.

Msalimie shemeji, na umwambie naulizia kifua chake kwa dhati. Mpe binti yako pongezi zangu. Ukiona vyema kuwaonyesha barua hii, waonyeshe. Sitakuomba siri juu ya siri. Sitapiga simu. Nitangoja.

Limebaki jambo moja ambalo nimelizungukia wiki nzima bila kulipatia mlango. Nimejaribu kuiona tena alasiri ile huku pumzi zake zikiwa za kawaida, za kukoroma na kukwama kama za wagonjwa wengine, zisizo na hesabu wala uzuri wowote. Je, ningekuita?

Mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Bwana Waya