Bega Linalopanda

Area 18, Lilongwe
9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, sijui ninyi huko kambini Dzaleka. Mgongo wako umepoa? Hapa bwenini simu haziruhusiwi, ndiyo maana nampa jirani yetu baba Apollinaire barua hii anapokuja mjini kununua vitambaa.

Mama, hesabu inanishinda. Mtihani ni tarehe 28, na nikifeli ufadhili unakwisha, narudi nyumbani. Kinachonitesa ni mteremko wa mstari unaopita nukta mbili. Unatoa urefu kwa urefu, upana kwa upana, kisha unagawanya. Nukta ya kwanza iko 4 kwa upana na 20 kwa urefu. Ya pili 14 kwa upana na 15 kwa urefu. Nikafanya: 20 toa 15 ni 5; 14 toa 4 ni 10; 5 gawanya kwa 10 ni nusu. Mwalimu kaweka msalaba mwekundu, na kosa silioni. Nimelia. Niombee.

Binti yako,
Charlène

Dzaleka
14 Februari

Charlène mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, mgongo unauma siku za kufua tu. Acha kulia, machozi yameharibu karatasi.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilichukua chaki na kitambaa, nikapima namba zako kwa sentimita. Mbona hilo ni bega la blauzi! Nukta ya kwanza ni shingo, ya pili ni ncha ya bega. Nikafuata jibu lako: kutoka shingoni nikaenda kumi, nikapanda tano, nikakata. Mama Véronique, tunayeshona naye, alicheka mpaka akakaa chini. "Eh, Dévote! Bega hii inapanda mpaka kwa sikio! Ni ya nani?"

Hapo nikaona. Kwenye urefu umeanzia shingoni, kwenye upana umeanzia begani. Fundi hafanyi hivyo. Ukianzia begani, anzia begani kote: 15 toa 20, na 14 toa 4. Hiyo 15 toa 20 sijui shuleni mnaiitaje, mimi naiita kushuka tano. Nakutumia kipande hicho ukiangalie.

Mama yako

Dzaleka
12 Machi

Charlène,

Sisi wazima. Mbona kimya? Baba Apollinaire amerudi mikono mitupu mara mbili. Umefaulu au umefeli, niandikie. Chakula hakipiti.

Mama yako

Area 18
23 Machi

Mama yangu,

Nisamehe, matokeo yametoka juzi tu. Nimefaulu! Themanini na moja! Swali la mteremko nililipata, hasi nusu, kwa sababu niliiona blauzi yako. Mwalimu alipoona kile kipande alikitundika ukutani, akaandika chini yake: "Dévote, fundi wa Dzaleka." Sasa mtu akikosea, darasa zima linapiga kelele, "Bega linapanda!" Zikomo, asante sana, Mama.

Binti yako,
Charlène

Dzaleka
30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Wote wazima, ila nsima jikoni imeungua kwa sababu nilikuwa nacheza kwa furaha.

Lakini umenifanyia nini! Bega bovu, na jina langu chini yake, mbele ya watoto wa watu? Nakutumia lingine, linashuka vizuri, nimelipiga pasi. Litundikwe kando ya lile, na jina langu lihamie hapo.

Vita vilinitoa darasani kule Fizi, Kongo, na sikurudi tena. Leo mkono wangu unafundisha huko Lilongwe. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi sana. Ukikuta kitambaa kimelowa upande wa shingo, mwambie mwalimu ni maji ya pasi.

Mama yako,
fundi