Nani Anaamua Magunia

Jumapili, mwezi wa Novemba. Rasharasha tangu asubuhi, na ziwa lina rangi ya majivu.

Nimefua. Nimepiga pasi sare za Ineza, binti yetu. Vitabu vyetu vya chuo nimevipanga mara mbili, kwanza kwa masomo, kisha kwa ukubwa. Bado mikono inatafuta kazi. Mtu kama mimi akipanga vitu mara mbili, ujue kichwani hakujapangika.

Jana tuliondolewa tuhuma. Nilipaswa kufurahi.

Niandike kwa utaratibu. Mimi na Faustin, mume wangu, tunasoma shahada ya biashara pamoja, darasa moja la wikendi. Siku nyingine tunauza viazi mviringo, birayi kama wanavyoviita hapa. Vinashuka kutoka Bugeshi, nasi tunawauzia akina mama wanaovuka mpaka navyo kwenda Goma. Nafasi ya kukaa na vitabu hatuna, kwa hiyo tunasoma tukichagua viazi. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachagua vilivyooza, halafu aliyekuwa anachagua anarudia alichosikia kwa maneno yake. Kisha tunabadilishana.

Kosa letu lilitoka humo humo. Mhadhiri alitupa kazi ya kuandika, kila mtu peke yake: eleza jinsi maamuzi yanavyofanywa katika biashara unayoifahamu. Faustin aliandikia dukani, mimi nyumbani. Hatukuonyeshana. Lakini sote wawili tuliandika sentensi hii: kiazi hakijui kwamba mpaka umefungwa, kinaendelea kuchipua. Neno kwa neno. Hata aya zilifuatana vilevile, hata mfano wa gunia lililolowa.

Tukaitwa. Mhadhiri alisema mmoja wetu amenakili, na kwamba asipojulikana ni nani, sote wawili tutarudia mwaka.

Kurudia mwaka. Mimi niliyengoja mtoto aanze shule ndipo nami nirudi darasani.

Sentensi ile hata leo sijui ni ya nani. Ninaamini ni yangu. Faustin anaapa kwamba aliisema yeye.

Jana akatuhoji mmoja mmoja. Mlangoni Faustin alininong'oneza kwa Kiswahili chake cha Goma, "We tulia. Tutasema ukweli, na ukweli iko moja tu."

Nikaingia mimi kwanza. Mhadhiri alikulia Tanzania kama mimi, tukaacha Kiingereza tukasema Kiswahili. Aliuliza haya na yale, nikamweleza tunavyosoma kwa kurudiana maneno, kisha akauliza, "Mama, magunia mangapi yanunuliwe wiki hii, nani anaamua?"

"Mimi," nikasema bila kusita.

Nikatoka, Faustin akaingia. Baada ya muda nilisikia kicheko ndani, kisha nikaitwa.

"Nendeni zenu," mhadhiri alisema. "Walionakili hupatana majibu kabla ya kuja. Nimeuliza nani anaamua, mama kasema ni yeye, na baba naye kasema ni yeye. Kila mmoja ameandika kazi yake. Hilo la nani anaamua, mkamalizane nyumbani."

Tukacheka naye. Tukacheka mpaka getini.

Barabarani tukaacha kucheka.

"Donc ni we unaamuaka?" Faustin aliuliza. "Si mi ndio naongeaka na muzee kwa simu?"

"Na hesabu inatokaka wapi?"

"Mama Ineza, we unasemaka tu. Kusema si kuamua."

Mzee anayemtaja ni Mzee Gaspard, mkulima wetu wa Bugeshi. Kila Jumapili anampigia Faustin kuuliza apakie magunia mangapi. Mimi huwa jikoni, mlango wazi. Ninataja idadi, Faustin anairudia kwenye simu. Ninaitaja mimi kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na wale akina mama. Ninajua mpaka unaendaje, nani mgonjwa, nani ana harusi na hatavuka. Kwangu huko ndiko kuamua. Kumbe yeye alikuwa akinisikia kama mtu anavyosikia redio.

Tangu jana situlii. Ikiwa sentensi yangu ni yake na uamuzi wangu ni wake, siku nikipewa ile karatasi ya shahada yenye jina langu, itakuwa ya nani?

Leo baada ya misa Faustin amevuka kwenda Goma kumwona shangazi yake. Simu yake ameiacha mezani, kando ya kopo la chumvi. Faustin hasahau simu. Sijui ni zawadi au ni mtego.

Inalia.

Nimerudi. Ninaandika kabla jambo halijapoa.

"Allô, Faustin?"

"Ni mimi, mzee. Mama Ineza."

"Ah, mama! Bwana iko wapi?"

"Ameenda Goma. Sema na mimi."

"Bon. Birayi iko mingi, lakini mvua inaharibu njia. Nipakie ngapi?"

Idadi nilikuwa nayo. Ishirini. Nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Nikafungua mdomo, na shingo ikageuka yenyewe kukiangalia kiti cha Faustin.

Kitupu.

Hapo ndipo nilipojiona. Kila Jumapili nikishataja idadi, ninamwangalia usoni. Akiirudia haraka, imepita. Akivuta pumzi kwanza, najua amesikia jambo kwa madereva wa malori, nami ninapunguza idadi kabla hajaitamka. Nimefanya hivyo miaka yote bila kujua kwamba ninafanya.

"Mama?" Mzee Gaspard aliita. "Ao bwana ameenda na hesabu Goma?"

"Hesabu iko hapa, mzee. Pakia ishirini."

Akacheka. "Sawa, patron." Yaani bosi.

Nikaiweka simu. Mpaka ukienda polepole wiki hii, magunia yale yatachipua, na yatakuwa yangu. Yakiuzwa yakaisha, yatakuwa yangu pia. Tangu tuoane sijawahi kuwa na kosa langu peke yangu. Linatisha, na sitaki kumpa mtu.

Lakini kukiangalia kile kiti nako ni ukweli. Nikimwambia, atasema, "Unaona?" Nikimficha, sentensi zetu zote zijazo zitakuwa na nusu moja ninayoijua peke yangu.

Ninasikia geti. Viatu vyake vina matope, anavifuta taratibu kuliko kawaida. Bila shaka ataanza na simu.

Nimwambie kwanza ishirini, au nimwambie kwanza kwamba nilikiangalia kiti?